Uso wa Kwenye Kibao

Mtu akitaka kufungua darasa la Kiingereza hapa Goma, wa kwanza kumtafuta si mwalimu. Anamtafuta mchoraji. Mwalimu atapatikana tu, walimu wamejaa mitaani kuliko mawe. Lakini kibao kisipokuwa na Mzungu aliyechorwa, darasa litakaa na mabenchi yake matupu. Ndiyo desturi yetu, wala hatuioni aibu. Kinyozi huchorewa kichwa kilichonyolewa, fundi wa magari huchorewa gurudumu, na Kiingereza huchorewa mwanamke mweupe mwenye nywele za manjano, anayecheka meno yote nje, asiyejulikana kwao ni wapi wala anacheka nini.

Yule wa kituo cha papa Adalbert, pale Majengo, alichorwa na muzee Hitimana wa Birere, ambaye hajawahi kuketi na Mzungu hata kwa kikombe cha chai. Alimnakili kutoka kwenye boksi la rangi ya nywele. Mwanafunzi mpya alikitazama kibao, akaingia, akaketi, kisha akauliza Mzungu anaingia saa ngapi. Papa Adalbert, mwenye kituo, alikuwa na jibu moja lisilochakaa: "Iko njiani." Mwaka ulipita ukaja mwingine, Mzungu akawa bado yuko njiani, na aliyekuwa akifundisha siku zote hizo ni Micheline Kaswera.

Tumtazame basi huyu Kaswera, maana wengi walimtazama vibaya. Alikuwa mwanamke aliyekaribia miaka arobaini, mfupi, mpana wa mabega, mwenye miwani mikubwa. Alikuwa mweusi weusi ule ambao watu wa Goma hawausifu bila kuongeza "lakini": ni mweusi lakini mrembo, ni mweusi lakini msafi, kana kwamba maneno hayo yaliwahi kugombana. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Nyanya yake, huko Butembo, alikuwa akisema kwamba Mungu alimwumba mtoto huyu kwa haraka, ila alipofika kwenye mwanya akatulia. Juu ya yote hayo Kaswera alikuwa na ulimi, na huo hakuupumzisha.

Kiingereza hakukiokota kwenye redio. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mmoja wa wale wanaovuka mpaka pale Kasindi kwenda Uganda na kurudi na vitambaa na masufuria. Mfanyabiashara Mnande, mtu wa kabila la kule, haoni sababu ya kumlipa mkalimani wakati ana binti, kwa hiyo akampeleka Kaswera akiwa mdogo kwa shangazi yake Kasese, upande wa Uganda, akasome huko pamoja na watoto wa huko. Alicheza kwa Kiingereza, akatukanwa kwa Kiingereza, akaungama dhambi zake kwa Kiingereza mbele ya padre. Baadaye akaja Goma kusomea ualimu. Alipoanza kazi kwa papa Adalbert alidhani kujua kitu kunatosha kukifundisha.

Kilichomtoa kwenye usingizi huo ni kijana mmoja mtalii. Alikuwa amekuja kupanda volkano, akapita Majengo akitafuta mahali pa kuchaji simu yake. Papa Adalbert alimwona barabarani, akamshika mkono asije akapotea, akamwingiza darasani katikati ya somo. "Ni huyu," akawaambia wanafunzi, kwa sauti ya mtu aliyetimiza ahadi. Wanafunzi wote wakasimama. Watu wazima wenye biashara zao na watoto wao, wakamwacha Kaswera na chaki mkononi, wakajipanga kupiga picha. Kijana wa watu alikuwa ametoka kwenye nchi moja ya baridi ambako Kiingereza ni cha wageni, na alikisema kwa kukibomoa, maskini, akiomba msamaha kila baada ya sentensi. Hakuna aliyesikia. Walikuwa wanasikiliza ngozi.

Mwezi mzima baada ya hapo papa Adalbert aliziacha picha hizo zimetundikwa ukutani. Kaswera alikuwa kwenye picha moja, pembeni, amekatwa nusu ya uso.

Ndipo alipoamua kwenda kufundisha nje. Aliwaza hivi: huku kwetu watu hawathamini kilicho chao, nabii hakubaliki kwao, basi niende mahali ambapo hawanijui, wanipime kwa kazi. Ilikuwa hesabu nzuri. Kosa lake ni kwamba aliwahesabu walimwengu kuwa na akili kuliko Majengo.

Wa kumpeleka alikuwepo. Josias aliwahi kuwa mwanafunzi wake, mmoja wa wale wanaoketi nyuma na kufaulu kwa kumtia mwalimu huruma. Sasa alijiita ajenti wa walimu, alipeleka watu Asia, na ofisi yake ilikuwa meza moja kwenye baraza ya hoteli ya kando ya ziwa, ambako alinunua soda moja na kuinywa tangu asubuhi. Viatu vyake viling'aa. Uso wake pia uling'aa, maana alikuwa ameanza kujipaka krimu zile za kung'arisha, mashavu yakawa ya manjano na viungo vya vidole vikabaki na rangi aliyozaliwa nayo. Ukimsalimia kwa mkono ulikutana na Josias wa kweli, ukiinua macho ulikutana na mwingine.

Shule aliyomtafutia Kaswera ilikuwa Vietnam, mji fulani wa pwani. Walitaka kwanza kusikia sauti. Kaswera akasoma ukurasa mmoja kwenye simu, akaeleza jinsi anavyofundisha, akatuma. Jibu lilikuja kesho yake. Josias akampigia simu aje upesi.

"Madamu, sauti yenu bameipenda sana," alisema, amesimama kumpokea. "Banasema hii ni sauti ya Bulaya kabisa."

"Ni sauti ya Kasese," Kaswera akamjibu.

"Hiyo tusibaambie."

Wakaketi. Josias akaifuta meza kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

"Sasa banaomba foto," akaendelea. "Hapo iko kashida kadogo. Hata si shida, Madamu, ni kusafisha tu. Niko na kitu ku telefone, inasafishaka sura. Inaondoshaka giza kidogo, inafunga ile mwanya, basi."

"Unanisafisha juu ya nini? Niko muchafu?"

"Apana, Madamu. Munajua vile batu ya kule banaangaliaka."

"Sijue. Niambie vile banaangaliaka."

Josias akanywa soda yake tone moja, akaangalia ziwa. Kaswera alimngoja. Alikuwa amewafundisha watu wengi na kungoja jibu ilikuwa sehemu ya kazi. Mwanafunzi huyu akaanza kuifuta meza tena.

"Foto nitaleta mwenyewe," akamwambia, akainuka.

Sasa msidhani kwamba aliondoka pale kifua mbele. Aliogopa. Dharau aliyokuwa nayo kwa Josias ilimsindikiza mpaka barabarani ikamwacha hapo, na njia nzima ya kurudi Majengo alikuwa peke yake na uso wake. Alipofika nyumbani akasimama mbele ya kioo, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, akajitazama kwa macho ya mzazi wa mtoto wa Vietnam. Akaona jinsi alivyo mweusi. Akaona mwanya. Alifunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena, kisha akajichukia kwa kufanya hivyo, akakigeuza kioo ukutani. Alitaka ile kazi. Aliitaka kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba watu asiowajua walikuwa wameshamtuma mbele ya kioo kabla hata ya kumjibu.

Asubuhi akamwita jirani yake Umuhoza, mshonaji, ampige picha uani. Alivaa kitenge chake cha kijani cha misa, akaketi mbele ya ukuta.

"Usicheke," Umuhoza akamwambia. "Ku foto ya kazi batu habachekake."

Kaswera akacheka, mwanya wote nje. Picha ikapigwa hivyo, ikatumwa hivyo, bila kusafishwa.

Shule ile iliyokuwa ikijibu kesho yake ikanyamaza. Mara wakasema mkurugenzi amesafiri, mara mtandao ulikuwa mbaya, ugonjwa huo wa mtandao ambao huwapata watu wenye aibu. Kaswera alikuwa akifundisha huku simu iko mfukoni mwa kitenge, na kila ilipotetemeka alipoteza neno alilotaka kusema. Mwishowe Josias akamwita tena, na safari hii alimnunulia soda ya kwake. Mwenye macho haambiwi tazama: Josias hakuwahi kumnunulia mtu soda.

Barua yao ilikuwa ya heshima. Watu hawa wakikukataa wanakufunika kwa maua kwanza. Walimshukuru, wakasifu elimu yake, wakasifu kitenge. Kuhusu kuja kusimama darasani, wakasema, wao wenyewe hawana ubaguzi hata kidogo, ila wazazi wa wanafunzi bado hawajazoea. Kaswera alilisoma neno hilo mara mbili. Hawajazoea. Watazoea vipi kitu wanachofichwa? Shule inasema ni wazazi, wazazi wakiulizwa watasema ni majirani, na ukienda kwa majirani utakuta kila mtu ana moyo safi. Ubaguzi hauna mwenyewe. Ni mtoto anayelelewa na mji mzima na hakuna anayekubali kuwa baba.

"Lakini soma chini, Madamu," Josias akasema, na magoti yake yalikuwa yanacheza kwa furaha. "Soma chini kabisa."

Chini kulikuwa na kazi nyingine. Angefundisha kutoka hapa hapa Goma, kwa mtandao, wala asingehitaji viza. Wanafunzi wangemwona kwenye kioo cha kompyuta mwanamke mmoja wa kizungu, jina lake Emily. Emily hakuzaliwa, alitengenezwa na mashine. Kaswera akisema, midomo ya Emily ingesema. Kaswera akicheka, Emily angecheka, bila mwanya.

"Na miye niko wapi hapo?" Kaswera akauliza.

"Muko ndani, Madamu. Weye ndio sauti."

"Na sura?"

"Sura bako nayo tayari." Josias akainama mezani, akapunguza sauti kana kwamba anatoa siri ya familia. "Madamu, hata mimi nimejifunza hii maisha. Mutu anakula ku kitu inaonekana. Mutapata feza kuliko ya papa Adalbert, mbali kabisa. Mutakaa ku nyumba yenu. Nani atajua?"

Kaswera akamwangalia mashavu, kisha vidole. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na huyu hata mkakasi wenyewe alikuwa ameununua kipande tu, cha mashavuni. Neno kali lilimfika kwenye ulimi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilimeza, kwa sababu jambo moja Josias alilolisema lilikuwa kweli: angepata zaidi. Alikuwa na mama mzee Butembo. Alikuwa amechoka na papa Adalbert. Na kufundisha ni kufundisha, akajiambia, hata kuhani huioni sura yake kwenye kitubio. Akaomba siku chache za kufikiri.

Akazifikiria akiwa darasani. Siku ya pili ya kufikiri kwake mvua ilinyesha, nayo ilipokatika akatoka nje kidogo kabla somo halijaanza, akasimama chini ya kibao akifuta miwani. Mwanamke wa boksi la rangi ya nywele alikuwa juu ya kichwa chake, amelowa, anacheka. Wanafunzi wawili wapya walikuwa wanaingia. Wakamsalimia yule wa juu kwa macho na kumpita huyu wa chini. Kaswera akavaa miwani yake, akainua uso.

Akaona kwamba Emily alikuwa naye tangu zamani. Kazi ile ya Vietnam haikuwa mpya kwake hata chembe. Miaka yote hii yeye alikuwa sauti, na sura walikuwa nayo tayari. Waliomkataa kule walikuwa wanafanya kwa mashine kile ambacho papa Adalbert alikifanya kwa rangi na brashi, na yeye, mwenye ulimi wake, alikuwa amepita chini ya kibao hiki asubuhi na jioni akiwasonya Wavietnamu.

Akaingia moja kwa moja ofisini. Papa Adalbert alikuwa anakula ndizi za kuchoma.

"Papa Adalbert, naomba tuondoshe ule mwanamuke ku kibao. Batuchoree miye."

Papa Adalbert aliendelea kutafuna, akimwangalia kuona kama ni mzaha. Alipoona si mzaha akaweka ndizi chini, akacheka taratibu, bila ubaya, jinsi mtu anavyomcheka mtoto anayetaka kuendesha lori.

"Mama Kaswera. Batu banalipiaka Bulaya. Nikichora weye, batasema hapa tunafundishaka Kinande."

"Lakini mwalimu ni miye."

"Unafundisha muzuri, nani alikatala? Ndio maana nilikuweka ndani." Akachukua ndizi yake. "Ku kibao tunaweka kitu ya kuita batu."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, papa Adalbert. Hilo ndilo la kuudhi. Ungemkuta ni mtu mbaya ungemchukia ukalala usingizi. Yeye alikuwa amemwambia kweli, kwa upole, mdomo umejaa, na alikuwa na uhakika kwamba Kaswera angerudi kufundisha. Kaswera alirudi kweli, akamaliza somo la siku ile mpaka dakika yake ya mwisho, maana wanafunzi walikuwa wamelipa, akafuta ubao vizuri, akaacha chaki kwenye kisahani. Hakurudi tena.

Josias alitumiwa ujumbe wa sauti. Ulikuwa mfupi, kwa Kiingereza kile cha dhahabu walichokipenda. Alimwambia kwamba sauti yake imekataa kusafiri bila mwenyewe, na kwamba akipata nafasi anawe uso. Josias aliupeleka kwa shule ile bila kuelewa sehemu ya mwisho, kama mfano mwingine wa matamshi mazuri. Nao wakajibu kwamba matamshi ni mazuri kweli.

Umuhoza ndiye aliyempa chumba. Chumba chake cha kushonea kilitazama barabara, na mchana aliweza kuzitoa cherehani kibarazani na kumwachia mwenzake ndani. Mabenchi wakaazima parokiani. Ubao wakapaka rangi wenyewe. Vyote vilikuwepo isipokuwa kibao, na bila kibao, tumeshasema, hakuna darasa. Kwa hiyo Kaswera akashuka Birere kwa muzee Hitimana.

Alimkuta kati ya maduka, amekaa kwenye kigoda, anachora kuku kwa ajili ya mgahawa. Kuku alikuwa mnono, mweupe, anacheka naye pia. Kaswera akamweleza anachotaka.

"Kingereza," muzee Hitimana akasema. "Nitakuchorea Muzungu muzuri. Niko naye mupya, wa ku kalandari."

"Apana, muzee. Chora miye."

"Weye nani?"

"Miye mwalimu. Sura yangu, hii, vile unaiona."

Muzee Hitimana akaweka brashi ndani ya kopo. Tangu vita vya zamani alikuwa amechora kila kitu katika mji huu, alichora dawa za minyoo na majeneza, lakini mwalimu wa Kiingereza mwenye sura ya hapa hakuwahi kuombwa. Akamwambia asogee kwenye mwanga. Akamtazama muda mrefu, kwa makini, bila haya, mashavu, paji la uso, kitenge cha kijani ambacho Kaswera alikuwa amekivaa kwa makusudi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mtu kumtazama Kaswera ili amwone, na alijikuta amesimama wima, kidevu juu, amefurahi. Ndiyo, alifurahi. Birere nzima ilikuwa inapita na magunia yake na hakuijali.

"Nimekushika," muzee Hitimana akasema mwishoni. "Enda. Nitakuja kukipigilia mwenyewe."

Alikuja kukipigilia siku ya Jumapili, wakati Kaswera yuko misani. Darasa la kwanza lilikuwa Jumatatu. Kaswera alirudi kutoka kanisani pamoja na Umuhoza, na kutoka mbali waliona kundi dogo la watu limesimama mbele ya chumba, wanatazama juu, wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Muzee Hitimana alikuwa katikati yao na nyundo yake. Akasogea kando ili Kaswera aone vizuri.

Kitenge kilikuwa chake, kijani kile kile, maua yale yale, kila jani mahali pake. Miwani ilikuwa yake. Ndani ya kitenge na nyuma ya miwani alikuwapo mwanamke mwingine. Alikuwa mwembamba. Ngozi yake ilikuwa ya rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Nywele zilimshuka mabegani, zimenyooka, na meno yake yalikuwa yamepangwa bila nafasi ya kupitisha hata uzi.

Kwa kitambo kidogo, kabla hajakasirika, Kaswera alimpenda. Ni lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakujisamehe nalo. Alimwona yule mwanamke na moyo wake ukasema, ningekuwa huyu ningekuwa nimeshafika. Kisha hasira ikaja.

"Muzee, huyu ni nani?"

"Ni weye, mama." Mzee alishangaa kuulizwa. "Kitenge si yako?"

"Sura hii si yangu."

"Nilikupamba kidogo." Akashusha sauti, kwa heshima, watu wasisikie. "Mama, batu tunabachoraka muzuri. Hata wale bamekufa, familia ikiniletea foto, ninang'arisha. Nikichora mutu vile iko, ni matusi. Batasema Hitimana alimukosea mama wa watu mbele ya barabara."

"Na mwanya?"

"Nilifunga. Hiyo sikuhesabia bei."

Alisema hivyo kwa ukarimu, kama muuza maharage anayekuongezea kiganja. Kaswera alikuwa na maneno kwa Josias, alikuwa nayo kwa papa Adalbert na kwa mji mzima wa pwani ya Vietnam. Kwa mzee huyu aliyemtazama vile na kumwona, kisha kwa heshima akamfuta, hakuwa na neno. Akamwomba tu arudi na rangi nyeusi. Muzee Hitimana akasema ile aliyonayo ni ya magurudumu, lakini akiitaka sana ataileta siku ya Jumanne. Akaenda zake akitikisa kichwa, ameumia.

"Tukishushe?" Umuhoza akauliza.

Waliokuwa mbele ya kibao walikuwa wanaulizana darasa linaanza saa ngapi. Kaswera akawaona. Akasema kikae mpaka Jumanne, na aliposema hivyo hakuthubutu kumtazama Umuhoza machoni.

Jumatatu mchana watu wakaja, wachache lakini wa kweli, wakaketi kwenye mabenchi ya parokia. Kaswera alikuwa amesimama mlangoni akiwapokea kwa kitenge chake cha kijani. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyeitwa Nyirakamana, mfanyabiashara wa Birere, anayeleta viatu kutoka Kampala na aliyechoka kudanganywa bei huko kwa lugha asiyoijua. Alisimama nje, akakitazama kibao kwa muda, akamtazama Kaswera, akakitazama tena. Kisha akamsalimia vizuri, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Dada, aksanti. Natafuta mwalimu."

"Karibu, mama. Uko naye mbele."

"Apana," Nyirakamana akasema, akinyoosha kidole juu. "Ule wa ku kibao."

Kaswera alitoka hatua moja barabarani, akainua kichwa, akamtazama yule mwanamke wa rangi ya chai aliyevaa nguo yake na miwani yake. Hakuwa na hasira naye tena. Alimdharau, na kwa kumdharau akapumua.

"Ule alipata kazi inje," akasema. "Balimuchukua ku foto tu, hata habakumusikia. Nilibakia miye."

"Ee, Mungu ni muzuri. Na atarudia lini?"

"Batakapochoka naye."

Nyirakamana akafikiri. Alikuwa ametembea kutoka Birere kwa miguu, na jua lilikuwa kali.

"Basi nitamungojea," akasema.

Kaswera akamwonyesha nafasi kwenye benchi la mbele, akamwambia anaweza kumngojea pale pale. Mama yule akashukuru, akaketi, akaweka mfuko wake mapajani. Kaswera akachukua chaki, akawasalimia wote kwa Kiingereza, akangoja wamjibu, na sauti ya kwanza kumjibu ilikuwa ya Nyirakamana.